Nani Alishika Deni: Serikali ya Marekani na Uokoaji wa Nyumba Zilizowekwa Rehani, 1933–1936 na 2009–2016

Utangulizi

Tarehe 13 Juni 1933 Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini sheria iliyounda Shirika la Mikopo ya Wamiliki wa Nyumba, chombo kinachotajwa zaidi kwa kifupisho chake, HOLC. Tarehe 18 Februari 2009 Rais Barack Obama alitangaza katika mji wa Mesa, jimboni Arizona, mipango miwili yenye lengo linalofanana: HAMP, wa kurekebisha mikopo ya watu waliokuwa wakielekea kupoteza nyumba zao, na HARP, wa kuwawezesha waliokuwa bado wakilipa kupata mkopo mpya wenye masharti nafuu wa kufuta ule wa zamani. Mara nyingi vyombo hivi huwekwa kwenye mizani moja: cha kwanza husifiwa kwa mafanikio, vya pili hulaumiwa kwa kusuasua, na sababu hutafutwa katika ukubwa wa bajeti au katika moyo wa viongozi.

Makala haya yanashikilia hoja tofauti. Jambo lililoamua hatima ya wadaiwa katika vipindi vyote viwili ni swali la nani alishika deni. Mwaka 1933 serikali ililinunua deni, ikawa yenyewe mdai, na ikalazimika kuishi na mdaiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2009 deni lilibaki mikononi mwa wengine, nayo serikali ikawalipa wasimamizi wake ili wawe na huruma. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, kushika deni peke yake hakukutosha, na HOLC yenyewe haikuwa malaika.

Istilahi moja yafaa ifafanuliwe mapema. Katika mazoea ya Kiswahili, anayeweka kitu rehani kwa kawaida hukikabidhi kwa mkopeshaji hadi deni liishe. Mkopo wa nyumba wa Kimarekani hauko hivyo: mdaiwa huendelea kukaa ndani, na mdai hushika haki tu, yaani haki ya kuichukua na kuinadi nyumba iwapo malipo yatakoma. Humu neno rehani limetumika kwa maana ya haki hiyo, na kunadiwa kwa mchakato mzima wa kisheria unaoishia kwa familia kutoka.

Mkopo uliohitaji kuhuishwa

Mkopo wa nyumba wa miaka ya 1920 haukufanana na unaojulikana leo. Benki za akiba, kampuni za bima na watu binafsi wenye fedha walikopesha kwa miaka mitatu hadi mitano, kiasi cha karibu nusu ya bei ya nyumba. Mara nyingi mdaiwa alilipa riba tu, na muda ulipokwisha deni lote lilidaiwa kwa mkupuo. Hapakuwa na aliyetarajia kwa dhati kwamba lingelipwa siku hiyo. Desturi ilikuwa kuuhuisha mkopo kwa kipindi kingine. Aliyepungukiwa alichukua mkopo wa pili juu ya nyumba ile ile, kwa riba kubwa zaidi. Vyama vya ujenzi na ukopeshaji vilitoa muda mrefu zaidi, lakini navyo vilianguka kwa wingi baada ya 1929.

Muundo huu ulitegemea jambo moja tu: kwamba siku zote atapatikana mkopeshaji wa kuhuisha. Benki zilipoanza kufungwa, na zilizobaki zikawa zinakusanya kila senti ili kuwalipa wenye akiba, desturi hiyo ilikatika. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mtu ambaye hakuwahi kukosa kulipa riba hata mwezi mmoja aliweza kupoteza nyumba kwa sababu tu mkopo wake ulifikia ukomo mwaka 1932 badala ya 1928. Aliyepoteza kazi, na takribani robo ya nguvu kazi ilikuwa imepoteza kazi, alikuwa na hali mbaya zaidi. Kufikia katikati ya 1933 nyumba zilikuwa zikinadiwa kwa kasi ya takribani 1,000 kwa siku.

Majimbo yalitangulia Washington kuchukua hatua, na baadhi yalisukumwa na hofu. Katika maeneo ya wakulima ya Magharibi ya Kati, majirani walifurika kwenye minada, wakataja bei za senti chache, wakamzuia kwa vitisho mgeni yeyote aliyetaka kuzidisha, kisha wakamrudishia mwenyewe mali yake. Tarehe 27 Aprili 1933, mjini Le Mars, Iowa, umati wa wakulima ulimtoa Jaji Charles C. Bradley mahakamani kwa nguvu, ukamtia kitanzi shingoni, ukimtaka aape kwamba hatatia saini tena amri za kunadi mashamba. Jaji alikataa kuapa. Aliachiwa akiwa hai, na gavana akatangaza utawala wa kijeshi katika wilaya hiyo. Zaidi ya majimbo 20 yalipitisha sheria za kusitisha au kuchelewesha minada.

Sheria ya Minnesota ya Aprili 1933 ndiyo iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Familia ya Blaisdell ya Minneapolis ilikuwa na nyumba ya vyumba 14 iliyokwisha kuuzwa mnadani, na muda wake wa kuikomboa ulikuwa ukikaribia kwisha. Mahakama ya jimbo iliwaongezea muda hadi Mei 1935 kwa sharti la kulipa dola 40 kila mwezi. Mkopeshaji alidai kwamba Katiba hukataza majimbo kudhoofisha mikataba, na maandishi ya Katiba yalikuwa upande wake kwa kiasi kikubwa. Tarehe 8 Januari 1934, kwa kura tano dhidi ya nne, mahakama iliipa sheria hiyo uhalali. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes alieleza kwamba dharura haizai mamlaka mapya, lakini yaweza kuwa sababu ya kutumia mamlaka yaliyokuwapo. Jaji George Sutherland, kwa niaba ya wanne waliopinga, alisisitiza kwamba kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya nyakati za namna hiyo hasa. Kihistoria Sutherland alikuwa na hoja: waasisi wa Katiba waliziona sheria za kuwapunguzia wadaiwa mzigo katika miaka ya 1780, na hawakuzipenda.

Kuahirisha, hata hivyo, si kuondoa. Deni la Blaisdell lilibaki kwa mdai yule yule.

HOLC: serikali yageuka mdai

Sheria ya Juni 1933 ilikwenda mbele zaidi. Mdaiwa aliyekwama aliomba. Mthamini wa shirika aliikagua nyumba. Kisha shirika lilimwendea mdai na kumpa hatifungani zake badala ya deni. Mdai alikuwa huru kukataa. Akikubali, deni la zamani lilifutwa na mdaiwa akaanza upya kwa mkopo wa miaka 15, riba ya asilimia 5, kwa malipo ya kila mwezi yaliyopunguza deni na riba kwa pamoja. Mkopo haukuruhusiwa kuzidi dola 14,000 wala asilimia 80 ya thamani iliyokadiriwa, na nyumba yenye thamani inayozidi dola 20,000 haikuhusika. Kodi za majengo zilizolimbikizwa na matengenezo ya lazima viliweza kuingizwa ndani ya mkopo. Hadi Juni 1936 mdaiwa aliruhusiwa, akipenda, kulipa riba peke yake.

Mwanzoni wadai walisita. Hatifungani zilikuwa za riba ya asilimia 4, lakini serikali ilidhamini riba tu, na sokoni ziliuzwa chini ya thamani iliyoandikwa juu yake. Mwezi Aprili 1934 Bunge lilidhamini na fedha yenyewe, na kusita huko kukapungua sana.

Kiini cha mpango, ambacho hupitwa haraka katika maelezo mengi, kilikuwa uthamini. Mwaka 1933 nyumba chache mno ziliuzwa, na zilizouzwa ziliuzwa mnadani. Kama HOLC ingetumia bei ya soko la siku hiyo, asilimia 80 yake isingemridhisha mdai yeyote. Badala yake mthamini alitafuta wastani wa makadirio matatu: bei ya soko ya wakati ule, gharama ya kununua kiwanja kama hicho na kujenga nyumba kama hiyo ukitoa uchakavu, na thamani inayotokana na kodi ya pango ambayo nyumba ingeweza kuingiza kwa wastani wa miaka kumi iliyopita. Kadirio la tatu liliirudisha miaka ya neema ndani ya hesabu. Uthamini ulikuwa sera iliyovaa joho la ufundi. Kwa njia hiyo wadai wengi walirudishiwa karibu fedha zao zote, ilhali mnada ungewapa sehemu tu.

Ndiyo maana Price Fishback, Jonathan Rose na Kenneth Snowden, katika kitabu chao cha 2013, wanasisitiza kwamba manufaa makubwa yalikwenda kwa wakopeshaji, kwani mdaiwa kwa wastani hakupunguziwa deni lenyewe kwa kiasi kikubwa. Hoja hiyo ni sahihi, lakini inahitaji kusomwa pamoja na jingine: aliyebaki ndani ya nyumba alikuwa mdaiwa. Kupewa miaka 15 badala ya mitatu, na kulipa kidogo kidogo badala ya mkupuo, kulikuwa na maana kubwa kwa mshahara wa fundi au karani kuliko punguzo la deni kwenye karatasi.

Maombi yaliyopokelewa yalikaribia milioni 1.9. Takribani nusu yalikataliwa au yaliondolewa na waombaji wenyewe. Ilipoacha kukopesha Juni 1936, HOLC ilikuwa imetoa mikopo zaidi ya milioni moja yenye jumla ya takribani dola bilioni 3.1, karibu nyumba moja kati ya tano za mijini zenye rehani ilikuwa na deni lake kwa serikali. Waliokubaliwa hawakuwa watu wa kuchelewa mwezi mmoja au miwili. Kwa wastani walikuwa nyuma kwa zaidi ya miaka miwili.

Kuanzia hapo shirika lilikuwa na tatizo ambalo wakopeshaji wa zamani walikuwa wamelikwepa kwa kuuza deni. C. Lowell Harriss, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1951, anaonesha jinsi maofisa wa HOLC walivyotembelea nyumba za waliochelewa, wakazungumza nao juu ya matumizi ya familia, wakawaelekeza kwenye ajira na misaada, wakatafuta jamaa au mpangaji wa kuchangia malipo. Barua ya onyo haikutosha. Ofisa alibisha hodi. Kazi hiyo ilikuwa ghali, na isingefanywa na mtu anayetarajia kuachana na deni hilo kesho. Mwaka 1939 riba ilishushwa hadi asilimia 4.5, na muda wa kulipa ukaweza kurefushwa hadi miaka 25.

Pamoja na hayo, HOLC ilichukua karibu nyumba 200,000, takribani moja kati ya kila tano ilizozikopesha, huku New York na Massachusetts zikiathirika zaidi. Takwimu hii haifichiki na haipaswi kupambwa. Wadaiwa hao walikuwa wamekwisha kushindwa kabla ya kuomba, na kila mmoja alipewa muda mrefu kuliko ambao mkopeshaji binafsi angempa. Lakini kwa familia iliyotolewa nje mwaka 1937, mnadi alikuwa serikali iliyokuja kumwokoa. Shirika lilipofunga hesabu zake mwaka 1951, lilikabidhi hazina ziada ndogo ya takribani dola milioni 14.

Ramani

Jina la HOLC leo linajulikana zaidi kwa ramani zake kuliko kwa mikopo yake. Kati ya 1935 na 1940 wafanyakazi wake walichora ramani za zaidi ya miji 200, wakipaka rangi ya kijani, buluu, njano na nyekundu kuonesha daraja la kila mtaa kwa mkopeshaji. Mitaa ya Wamarekani Weusi ilipakwa nyekundu karibu bila ubaguzi, kama neno hilo linaweza kutumika hapa. Kenneth Jackson, katika kitabu chake cha 1985, aliziona ramani hizo kuwa mzizi wa kunyimwa mikopo kwa mitaa hiyo. Utafiti wa Amy Hillier kuhusu Philadelphia, uliochapishwa mwaka 2003, ulileta ugumu: HOLC yenyewe ilikuwa imekopesha katika mitaa iliyopakwa nyekundu, na sehemu kubwa ya mikopo yake ilitolewa kabla ramani hazijachorwa.

Uzito wa ushahidi unaelekea upande wa Hillier kuhusu ramani, lakini hilo halioshi mikono ya serikali. Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba, iliyoundwa Juni 1934, ilichukua muundo wa mkopo mrefu ambao HOLC iliueneza na kuudhamini kwa wanunuzi wapya, huku kanuni zake zikikataa waziwazi mitaa ya Weusi na mitaa iliyochanganyika. Kwa maneno mengine, mkopo bora uliozaliwa katika uokoaji uligawiwa kwa kufuata rangi ya ngozi. Miongo saba baadaye mitaa hiyo hiyo, iliyokuwa imenyimwa mikopo mizuri, ndiyo iliyofurikiwa na mawakala wa mikopo mibaya.

Mwaka 2009: huruma ya kulipiwa

Bei za nyumba zilianza kuporomoka baada ya 2006, zikashuka kwa zaidi ya robo nchini kote. Kufikia mwisho wa 2009 karibu wamiliki milioni 11 walikuwa na deni linalozidi thamani ya nyumba. Kwao njia ya kawaida ya kupata mkopo mpya wa kufuta ule wa zamani ilifungwa, kwani hakuna benki inayokopesha 120 kwa dhamana ya 90. Ugonjwa wa 1932 ulirudi kwa sura nyingine.

Mchumi Alan Blinder alipendekeza hadharani, Februari 2008, kwamba HOLC ifufuliwe. Haikufufuliwa. Sababu mojawapo ilikuwa ya kisheria. Mdai wa 1933 alikuwa na mlango na meza. Aliweza kuitwa na kupewa hatifungani. Mkopo wa 2006 ulikuwa umechanganywa na maelfu ya mingine na kugawanywa vipande kwa wawekezaji waliotawanyika duniani. Aliyezungumza na mdaiwa alikuwa msimamizi wa mkopo, kampuni inayokusanya malipo kwa ujira. Msimamizi hakumiliki deni, hakuwa na mamlaka kamili ya kuliuza, na mara nyingi alipata ada katika hatua za ucheleweshaji na mnada. Sababu ya pili ilikuwa bei. Kununua deni kwa thamani kubwa kuliko ya soko, kama ilivyofanyika 1933, kungeonekana kuwa zawadi ya pili kwa mabenki yaliyokwisha kufunguliwa mfuko wa dola bilioni 700 Oktoba 2008. Na kulikuwa na hasira ya aina nyingine: siku moja tu baada ya hotuba ya Mesa, mtangazaji wa televisheni Rick Santelli, akiwa katika soko la bidhaa la Chicago, aliwauliza wafanyabiashara waliomzunguka nani anataka kumlipia mkopo jirani yake mwenye bafu la ziada. Walizomea.

HAMP, kwa hiyo, ilijengwa juu ya msimamizi. Lengo lilikuwa malipo ya mwezi yashuke hadi asilimia 31 ya kipato: kwanza kwa kupunguza riba, hata kufikia asilimia 2, ikishindikana, kwa kurefusha muda hadi miaka 40, na mwishoni kwa kuweka kando sehemu ya deni bila riba. Msimamizi alilipwa, kuanzia dola 1,000 kwa kila rekebisho lililokamilika. Mdaiwa alipaswa kulipa miezi mitatu ya majaribio na kuwasilisha nyaraka zake zote.

Hapa ndipo mpango ulipokwama. Nyaraka zilipotea, zikaombwa upya, zikaisha muda na kuombwa tena. Miezi mitatu iligeuka mwaka. Ofisi moja ya kampuni ilijadili nafuu huku nyingine ikiendelea na mnada wa nyumba ile ile. Mdaiwa aliyekataliwa baada ya majaribio marefu alijikuta akidaiwa kwa mkupuo tofauti yote kati ya malipo ya majaribio na malipo ya awali, pamoja na adhabu. Mamia ya maelfu walitolewa kwa namna hiyo. Neil Barofsky, mkaguzi mkuu wa mfuko wa uokoaji, alidai baadaye kwamba kwa Wizara ya Fedha kazi halisi ya mpango ilikuwa kutawanya minada katika muda mrefu ili mabenki yaweze kuhimili hasara. Madai hayo yamepingwa, lakini muundo wenyewe unayapa nguvu. Ahadi ilikuwa kuwasaidia watu milioni 3 hadi 4. Ulipofungwa kwa waombaji mwishoni mwa Desemba 2016, marekebisho ya kudumu yalikuwa chini ya milioni 2.

HARP ina fundisho gumu zaidi. Ilihusu mikopo iliyomilikiwa au kudhaminiwa na Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yaliyokuwa chini ya uangalizi wa serikali tangu Septemba 2008. Kwa mikopo hiyo, serikali ilikuwa imekwisha kubeba hasara, kama HOLC. Lakini mwanzoni deni halikuruhusiwa kuzidi asilimia 105 ya thamani ya nyumba, kisha 125, hivyo walioathirika zaidi, wa Nevada, Florida na Arizona kwenyewe, waliachwa nje. Kikomo kilipoondolewa kufuatia tangazo la Oktoba 2011, maombi yalimiminika, na hatimaye mikopo zaidi ya milioni 3 ilibadilishwa. Wakati huo huo, Julai 2012, Edward DeMarco, aliyekaimu uongozi wa mamlaka iliyosimamia mashirika hayo, alikataa yasipunguze deni lenyewe la mdaiwa yeyote, akieleza kwamba wajibu wake wa kisheria ulikuwa kulinda mali zao. Deni lilikuwa mkononi mwa serikali, lakini mkono huo ulikuwa umefungwa na sheria iliyouelekeza kufikiri kama mdai wa kawaida.

Machi 2020, janga la korona lilipofunga sehemu za kazi, Bunge lilipitisha sheria iliyompa kila mwenye mkopo unaoungwa mkono na serikali haki ya kusimamisha malipo kwa siku 180, na nyingine 180 akiomba. Hakuhitaji kupeleka stakabadhi ya mshahara wala barua ya mwajiri. Ilitosha kumwambia msimamizi kwamba ameathirika. Ambaye mkopo wake haukuungwa mkono na serikali, na ambaye pengine hakuwahi kujua nani hasa anashika deni lake, hakuwa na haki hiyo.